Makaburi ya Bonde la Lihanga

Filemoni alikuwa akichimba kaburi la mtoto ambaye hakuzaliwa wala hakufa, na jembe lake lilikuwa likigonga changarawe.

Kando yake mkewe, Lucia, alifunga fito mbili kwa kamba, ukapatikana msalaba. Mteremko mzima, wanaume kwa wanawake, Walutheri kwa Wakatoliki, walikuwa wakizika hewa. Filemoni alikuwa mzee wa kanisa, na uongo ule ulimlemea. Lakini maji yakishakufika shingoni huchagui gogo la kushika.

Mambo yaliharibika barazani. Bonde la Lihanga, kando ya njia itokayo Njombe kwenda Makambako, lilikuwa malisho ya kijiji kizima tangu enzi za mababu. Josho la kuogeshea ng'ombe lililokuwa pale walilijenga wenyewe, mawe wakiyabeba kichwani kutoka mlimani. Lilipokamilika, Serikali ya Wenyeji ilikuja na muhuri wake ikasema ni mali yake. Sasa iliamua kulikodisha bonde lote, josho likiwemo, kwa Mzungu mmoja aliyetaka kupanda miti ya miwati, ambayo magome yake huuzwa kwa kutengenezea ngozi. Filemoni alisimama akauliza hao wenyeji wa Serikali ya Wenyeji ni akina nani, kama si wao. Aliambiwa akae.

Alikaa, na hasira ikamkaa. Bila bonde lile ng'ombe wasingevuka kiangazi. Bila ng'ombe hakuna samadi, na bila samadi udongo wa kule haukupi hata mahindi ya kuchoma.

Mwishoni mwa baraza Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, Mwingereza mkimya mwenye macho ya kuchoka, alitaja jambo moja. Odilo, mkalimani wake, akalitafsiri: serikali haipendi kuwasumbua wafu, kwa hiyo mahali penye makaburi hapatakodishwa. Yeye mwenyewe angekuja kulikagua bonde kabla ya kutia sahihi.

Kasoro ilikuwa moja. Hakuna aliyewahi kuzikwa Lihanga. Wafu wa kijiji walilala juu, karibu na nyumba zao.

"Basi na tufe," alisema Filemoni, na kwa mara ya kwanza tangu baraza watu wakacheka.

Ardhi ilikuwa ngumu na muda mfupi, kwa hiyo wengi walichimba makaburi madogo. Filemoni alitaka matuta yamwagiwe majani makavu ili yaonekane ya zamani. Lucia alikataa katakata, na wanawake wote wakawa upande wake. Kwao kaburi lililoota majani ni aibu. Aliyelala humo huhesabiwa hana ndugu. Mgeni gani, aliuliza, atasadiki kwamba hawa ni wafu wetu na tumewatupa hivi? Wakayajazia udongo mpya, wakafagia, wakapanda maua kichwani mwa kila kaburi. Filemoni akachukua ufagio, maana mkewe alikuwa na haki.

Bwana Shauri alikuja asubuhi ya ukungu, koti limefungwa hadi kidevuni. Alipoona misalaba alivua kofia. Alitembea polepole kati ya matuta, na kwenye yale madogo akasimama muda mrefu.

Hapo Lucia akashindwa kujizuia. Miaka ya nyuma alimzika mtoto wa kweli nyuma ya nyumba, na sasa kilio kile cha zamani kikamtoka upya. Wanawake wengine wakakipokea kilio. Filemoni hakujua kama aone aibu au ashukuru.

Bwana Shauri alisema neno kwa sauti ya chini.

"Anauliza, hawa wote wamekufa lini?" alisema Odilo.

Udongo ulikuwa mbichi. Kusema zamani kungekuwa kujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

"Tangu mvua ziishe, Bwana."

"Waliugua nini?"

Hilo hawakulipanga.

"Homa," alijibu. "Homa tu. Ya ghafla."

Odilo alitafsiri. Mzungu alivaa kofia yake, akarudi kwenye gari bila kumpa mtu mkono. Kabla mlango haujafungwa, alimwambia Odilo jambo, na Odilo akawapazia sauti: mtu wa miwati hatakanyaga Lihanga.

Jioni ile pombe ya ulanzi, ya mianzi, ilinyweka, na mzee wa kanisa akajifanya haoni. Ng'ombe waliteremshwa bondeni, wakala mpaka wakalala. Jumapili Filemoni aliomba msamaha wa dhambi yake kwa moyo mweupe, kwa kuwa alijua asingepata nafasi ya kuirudia, na kwa kuwa alikuwa na furaha.

Jumatatu asubuhi malori yalisimama ng'ambo ya kijito. Askari walishuka na madebe ya mafuta ya taa. Filemoni alikwenda kuwalaki, maji yakimfika magotini, akaamkia. Odilo hakumwitikia hata "kamwene", salamu ya kwao. Alikuwa amejifunga kitambaa puani.

"Mzee, usivuke," alisema. "Daktari amesema ni tauni. Mnahamishwa wote leo, na kijiji kinachomwa moto."

Filemoni alipiga magoti mle mle majini. Akaungama kila kitu kwa sauti ya kusikiwa na wote: makaburi ni matupu, hakuna aliyekufa, majembe yapo pale pale, wafukue wajionee.

Askari walitazamana. Hakuna aliyekubali kugusa jembe, na mmoja wao alikwisha kuwasha kiberiti.