Pazia Fupi

Pazia la mashahidi lilikuwa fupi. Fundi cherehani aliligundua hilo alipokwisha kukaa nyuma yake: aliyelishona alibania kitambaa, na viatu vyekundu vya fundi vilibaki nje.

"Mama, tunakusikiliza," alisema mwenyekiti wa kamati ya bunge. "Jina lako hatulihitaji."

Miguu ya fundi haikutulia. Alikuja kuomba sheria ibadilishwe, lakini leo bado ilikuwa sheria: mwenye virusi vya UKIMWI akimnyonyesha mwanawe, jela. Yeye alinyonyesha huku akimeza dawa bila kukosa, na mtoto alipimwa akakutwa mzima.

Safu ya mbele mtu alinong'ona, mnong'ono wa kusikika ukumbi mzima.

"Viatu vile navijua. Si vya mke wa kaka?"

Ilikuwa sauti ya wifi yake, na kwa wifi siri hailali.

Fundi alivuta miguu chini ya kiti. Kisha akairudisha palepale. Mficha uchi hazai, na yeye alikwisha kuzaa.

Akasimama, akalivuta pazia lote upande mmoja.

"Ni vyangu, wifi," alisema. "Waheshimiwa, mtoto wangu nilimnyonyesha mwenyewe."