Kiti cha Wawili

"Peke yako hupandi, mama," alisema mkata tiketi wa bembea. "Kiti ni cha wawili."

Ndege yetu imeahirishwa hadi kesho, mji mkubwa uko mbele yangu, na lile gurudumu la bembea ni refu kuliko maghorofa. Nikalale hotelini? Thubutu!

Nikageuka. Wifi yangu alikuwa nyuma yangu, viatu mkononi, tayari kupanda. Tangu aolewe na kaka yangu hatuivi chungu kimoja. Safari nzima tumenuniana.

Tukapanda, kila mtu akitazama upande wake. Kileleni kiti kikasimama, kikayumba. Kucha zake zikanizama kiganjani.

"Wifi," akasema, akihema na kucheka, "tukishuka, turudi kwenye foleni."