Saba Tupu

Mtu wa kwanza kupiga namba mpya ya kampuni hakusema neno. Alipumua tu, akacheka kidogo, akagonga kitu, kisha simu ikakatika.

"Mtoto huyo," alisema mdogo wa mwenye kampuni, bila kuinua macho kutoka kwenye kitasa alichokuwa akikitia mafuta.

"Mtoto wa nani?"

"Wa yeyote, kaka. Namba ni saba tupu. Mtoto akishika simu ya mama yake, aking'ang'ania kitufe kimoja kisha cha kijani, anakupata wewe."

Jibu hilo halikumpendeza kaka mtu. Kwanza, hakutaka kuitwa kaka saa za kazi. Tangu achapishe kadi alikuwa Mkurugenzi, hata kwa mdogo wake wa tumbo moja, ingawa kampuni nzima ilikuwa wao wawili, meza moja na mashine ya kuchonga funguo. Pili, namba ile ilikuwa imemlia pikipiki ya kazi. Aliiuza ili apate saba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na sasa mtu akijifungia nje upande wa pili wa mji, mafundi walimfikia kwa miguu, wakitweta.

Mdogo wake alikuwa ametaka wabaki na namba ya marehemu baba yao. Namba hiyo haikuwa na sura. Ilikaa kama kokoto zilizomwagika. Lakini ilikuwa imepakwa rangi kwenye mageti ya nusu ya mji, na mzee aliitumikia maisha yake yote kwa neno moja alilolisema kabla ya kugusa mlango wowote: Mungu ndiye afunguaye, sisi tunashika funguo tu.

"Namba ya wachovu," Mkurugenzi aliamua. "Biashara ni sura. Yangu hata mtoto anayenyonya ataipiga."

Katika hilo alisema kweli tupu.

Watoto walipiga asubuhi, wakapiga mchana. Wateja hawakupiga. Mtu aliyefungiwa nje hukumbuka namba aliyozoea kuiona getini, si kadi ya kumetameta aliyoitupa jana. Mkurugenzi alijibu kila pumzi kwa sauti nzito ya ofisini, akilitaja jina la kampuni hadi mwisho, huku mtoto wa watu akimlia biskuti sikioni.

Nyumbani nako hakukukalika. Mkewe, mtoto wao mdogo kiunoni, alikuwa na orodha yake: bomba linavuja, kitasa cha stoo kinakwama, geti bado lina namba ya mzee, na simu mpya ya kampuni haina hata namba yake yeye, mke wa ndoa.

"Simu ya kampuni haina ukoo," Mkurugenzi alijibu, akikaza tai. "Mkitaka fundi, pigeni ofisini kama wateja wengine."

"Kweli kinyozi hajinyoi," alisema mkewe, akarudi kwenye sala zake za asubuhi.

Ugomvi wa ofisini ulikuja siku mdogo wake alipoambiwa, mbele za watu, kwamba ana akili ya kufuli la baiskeli. Alichukua kisanduku chake cha vifaa pamoja na laini ya zamani ya baba, ambayo Mkurugenzi alikuwa ameitupa kwenye droo, akaenda kufanyia kazi kibarazani kwake. Mkurugenzi alicheka mpaka tai ikalegea. Akamtabiria kwamba atakula kutu.

Ndipo ikaanza namba moja, asiyoijua, kupiga bila kupumzika.

Ilikuwa pumzi ileile ya mtoto. Lakini safari hii nyuma yake palikuwa na kishindo kama cha ngoma, na sauti ya mwanamke kwa mbali ikipanda na kushuka. Alikata. Ikaita. Alikata tena. Ikaita tena. Ngoma, mwanamke, mtoto: taratibu picha ikamjia. Ni kwa mdogo wake. Wamekaa kibarazani wanapiga ngoma, shemeji anacheka, na mtoto wao amepewa simu amtanie baba mkubwa.

"Mwambie aliyekutuma," alisema kwa sauti kavu, "Mkurugenzi hachezewi."

Akafunga ofisi, akaenda kumtoa mdogo wake kutu.

Kibarazani alikuta ufunguo uliochongwa nusu na kikombe cha chai kinachofuka moshi. Shemeji yake alimweleza kwa heshima kwamba mtu amepiga ile namba ya zamani, na baba watoto ametoka mbio, hata shati hakufunga vifungo.

"Nani wa kumwita fundi wa kibarazani?" aliuliza Mkurugenzi, na hakungoja jibu.

Simu ikaita tena mfukoni. Pale hapakuwa na ngoma, na watoto wa nyumba walikuwa shuleni. Basi mchezo unachezewa kwingine. Mjanja huyo. Mkurugenzi alishika njia ya kwake, akipanga maneno ya kumweleza mkewe ni shemeji wa aina gani aliyenaye.

Geti la nyumbani kwake lilikuwa wazi. Jirani alisimama kando ya ile rangi ya zamani, simu mkononi, akamwamkia kwa mashaka.

Ndani, mdogo wake alikuwa amepiga magoti mbele ya stoo, midomo ikisema taratibu neno la baba. Kitasa kikaachia. Mke wa Mkurugenzi akatoka amelowa jasho, viganja vyekundu kwa kupiga mbao.

Sakafuni, upande wa nje wa mlango huo, mtoto wao alikuwa amekalia unga uliomwagika, simu ya mama yake mapajani. Alibonyeza kitufe kimoja kwa dole gumba, akabonyeza, akabonyeza, kisha cha kijani, akaiweka sikioni.

Koti la Mkurugenzi likaanza kuita.

"Pokea basi," alisema mkewe. "Ni mteja."