Mistari Miwili ya Mwamba

Mhariri wa ensaiklopidia alikuwa ameshainua kalamu nyekundu afute habari za mwamba mmoja, mpiga taipu wake, Warigia, aliposema, "Huo usiukate, mwalimu."

"Ati mwamba?" Mhariri akacheka. "Jiwe la baharini ambalo hata samaki hawalijui? Basi na mawe ya mashamba ya kwetu Chaka tuyaandike, yale ya kuvunja jembe."

"Ya Chaka hayajavunja mashua."

Kicheko kikamwishia. Mumewe Warigia, polisi, alipelekwa Pwani mara tu baada ya Uhuru, na mashua yao ikavunjikia kwenye mwamba huo. Waliomletea habari walisema alizama papo hapo, kwamba pale ni maji matupu, mwamba wenyewe umefunikwa, ndiyo maana hawakwenda kumtafuta.

"Mama, kitabu si kaburi."

"Ningekuwa na kaburi, singekuomba."

Mhariri akaiweka kalamu chini. "Haya. Lakini mistari miwili tu."

Warigia akamkaza vizuri mgongoni mtoto ambaye baba yake hakuwahi kumwona, akaingiza karatasi kwenye mashine. Mhariri akamsomea taratibu, naye akapiga neno kwa neno.

"Mwamba mdogo usio na mti. Hata maji yakijaa, kilele chake hubaki kikavu, na mtu anaweza kusimama juu yake."

Kidole cha Warigia kikaganda juu ya herufi, ukucha wake mweusi kwa wino. Shingoni alisikia pumzi ya mtoto, yenye joto, ikija na kurudi.

"Umefika wapi, mama?"

"Rudia, mwalimu," akasema polepole. "Hapo pa kusimama."