Mabuti ya Mpira

Shoka lilipasua kioo cha mlango wa jikoni, vipande vikamwagika sakafuni. Mkono wa Murray ukaingia kutafuta kitasa.

"Raewyn! Tulia, mke wangu. Nimekuja tuzungumze."

Simu ilikuwa sebuleni, na Murray tayari amesimama njiani. Alikuwa amevua viatu mlangoni, akaviruka vioo. Ndiyo, alivua! Mtu amekuja kuua, lakini amelelewa mji mdogo wa Kawerau, na Kawerau haingii mtu nyumbani na viatu. Raewyn peke yake ndiye aliyeshinda ndani na mabuti ya mpira, miezi sasa, hata majirani wakamcheka.

"Mabuti jikoni? Umekuwa mchafu hivyo?" Murray alijipapasa kovu ambalo Raewyn alimwachia shavuni. "Leo hakimu hayupo, mama. Tuko wawili tu. Na nje ya geti huthubutu kukanyaga, nakujua."

Hakimu alikuwa amewaambia wote wawili: bangili ya kielektroniki ya kifungo cha nyumbani ikivuka mpaka wa kiwanja tu, polisi watafika kabla maji ya chai hayajachemka. Raewyn aliyakumbuka maneno hayo sasa. Alitaka kuishi, basi.

Shoka likashuka, likamchana bega, likazama mezani. Damu ikamrukia usoni. Raewyn akalikwapua birika lililokuwa likichemka juu ya jiko, akammwagia maji ya moto kifuani. Murray akarudi nyuma, soksi zake zikakanyaga vioo. Alipiga yowe.

Raewyn akapita juu ya vioo vile vile kwa mabuti yake, akatoka mbio, akafika getini. Pale akasita. Kisha akavuka.

Murray alilichomoa shoka, akamfuata akichechemea, nyayo zake zikiacha damu kwenye nyasi. Hata hivyo alikuwa anacheka.

"Umetoka? Umejimaliza mwenyewe, mjinga wewe!"

Raewyn alikimbia mpaka pumzi zikamwishia. Murray akamkuta kwenye kona, akamvuta nywele, akamwangusha, akampiga teke la mbavu. Mfupa ulilia. Akainua shoka.

Magari mawili ya polisi yakafunga breki. Murray akapigwa shoti ya bastola ya umeme, akaanguka kama gunia la viazi.

Askari mmoja wa kike akainama.

"Raewyn Hodge? Wewe ndiwe tuliyekufuata."

Raewyn akavua buti la kushoto. Kifundoni taa ya bangili iliwaka nyekundu.

"Ni mimi, afande," alisema, akinyoosha mikono afungwe pingu. "Asanteni sana kwa kuja kunikamata."