King'ora kwa Ajili ya Bruno

King'ora kilipopasua mtaa wa Majengo saa tisa mchana, akina mama wa sokoni walisimama, wengine wameshika vifua.

"Nani tena jamani?" mmoja aliuliza.

Chande, dereva wa gari la wagonjwa, alipandisha kioo. Angewaambiaje kwamba anakwenda kumchukua mbwa?

Tena si mbwa wa hivihivi. Bruno alikuwa mbwa wa Mama Hanne, mfadhili aliyetoa fedha za kuchonga njia ya baiskeli huko juu kwenye milima ya Matogoro, ili wageni wapande, washuke, wapige picha mabonde. Siku ya uzinduzi Bruno alipewa kiti chini ya turubai, safu ya mbele, na chupa yake ya maji. Wazee wa kitongoji walisimama juani na kupiga makofi kila walipoambiwa wapige. Ile barabara ya gari waliyoiomba tangu Chande hajaota ndevu, siku hiyo walielezwa kwamba sasa haiwezekani tena. Ingeharibu mandhari.

Nusu saa iliyopita bosi wake wa hospitali, Bwana Amedeus, alikuja uani mbio. Chande hakuwahi kumwona mtu huyo akikimbia.

"Bruno kaumia mlimani! Mama Hanne kapiga simu mwenyewe, analia. Tangi limejaa?"

"Limejaa, mkuu. Lakini si uliniambia ni mafuta ya ziara?"

"Ziara itasubiri! Sikiliza, Chande. Mbwa yule akifia mikononi mwako, funguo ziache getini. Usinifikie."

Kisha akakuna kichwa. "Halafu wanataka nesi. Nimesema nawaletea daktari wa mifugo, yule Osmund anayemwongoza Mama Hanne mlimani akapokonya simu, akakataa kabisa. Nesi, tena aje na glovu na dripu. Wazungu bwana!"

Osmund. Jina hilo lilimkaa Chande kooni kama mwiba wa samaki.

Miaka miwili nyuma, mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, Osmund huyohuyo alipiga simu mara tano kutoka mlimani. Mkewe, Eufrasia, alikuwa ameshindwa kujifungua. Nne hazikupokelewa. Ya tano Bwana Amedeus aliipokea, akasema gari halina mafuta. Chande alikuwa hatua tatu kutoka hapo, akiliosha gari hilohilo, tangi pomoni, likimsubiri mkubwa fulani. Alisikia kila neno. Akaendelea kuosha.

Osmund alimpakia mkewe kwenye keria ya baiskeli na kumfunga kwa kanga, binti yao Tabu, msichana mkubwa tayari, akimshikilia kwa nyuma. Walipofika Majengo, Tabu alikuwa bado ameushika mgongo wa mama yake, na hakuna aliyepata moyo wa kumwambia aachie.

"Miaka mitatu nimesomea ukunga," alilalamika sasa Sista Nasma, nesi aliyeitwa, kwenye kiti cha pembeni, "leo nikampime mbwa presha! Wallahi, nikiulizwa nyumbani nilikuwa wapi, nitadanganya."

"Sindano utamchoma wapi?"

"Nitapajua nikifika. Bosi wako ndiye najua pa kumchoma."

Chande alicheka kidogo. Gari lilikuwa linapanda, likirushwa na makorongo, naye alikuwa akitafuta maneno. Atamwambia nini Osmund? Kwamba kwa mkeo mafuta hayakuwepo, kwa mbwa yapo? Mtu husalimia vipi baada ya hapo? Hata kuomba msamaha aliona ni matusi. Akakanyaga mafuta. Kama kuna kiumbe kimoja atakachokifikisha hospitali kutoka mlima huu kikiwa hai, basi na kiwe mbwa.

Njia iliishia kwenye kibao kipya: MWISHO WA MAGARI. FURAHIA ASILI.

Akageuza gari, akarudi nyuma taratibu. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona wakishuka mteremko. Baiskeli mbili zilikuwa zinakokotwa sambamba, ngazi ya mbao imelazwa juu yake, na juu ya ngazi mzigo uliofunikwa gubigubi. Blanketi lile alilijua tangu uzinduzi, lilikuwa la Bruno, jekundu, lenye picha za mifupa. Damu ilikuwa imeshalowesha mifupa ya chini. Upande mmoja alikuwa Mama Hanne, kofia ngumu imekwenda upande, matope hadi magotini. Upande wa pili alikuwa Osmund.

Chande alishuka, macho chini.

"Mlongo," alisema Osmund, kama anayemwita ndugu yake, "fungua nyuma."

Basi. Chande akafungua. Sista Nasma akavaa glovu huku akisonya, wakaunyanyua mzigo pamoja na ngazi yake, na Chande akashangaa uzito. Mama Hanne akapanda nao bila kukaribishwa.

"Polepole," alisema kwa Kiswahili chake cha maneno ya kuhesabika. "Tafadhali, polepole."

Simu ikalia.

"Mmemfikia?" Bwana Amedeus alifoka.

"Tumemfikia, mkuu. Tumeshampakia."

"Yuko hai?"

Hapo ndipo Bruno alipochomoka kichakani, mzima wa afya, kandambili ya kike mdomoni, akaiangusha miguuni pa Chande na kutingisha mkia. Na ndani ya gari, chini ya blanketi la mifupa, Tabu binti wa Osmund akapiga ukelele:

"Sista, kichwa cha mtoto hicho!"

Chande aliokota kandambili.

"Yuko hai, mkuu," alisema, akawasha king'ora.