Penye Matanga Hakuna Kura

Ndinda aliingia boma la saba siku hiyo na swali lile lile. "Mmeshindaje? Hakuna mgonjwa?"

Mzee Munyao alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Niko, mama. Leo sifi."

"Wala kesho, tafadhali. Tukimaliza kupiga kura, ufe ukipenda."

Alitania, lakini moyoni aliogopa. Yeye ndiye katibu wa mradi wa maji wa Gatuanyaga, na kila uchaguzi ulipotangazwa, mwanachama mmoja alifariki kabla ya siku yenyewe. Miaka minne, misiba minne. Na sheria ya mradi iko wazi: penye matanga hakuna kura, mkutano unasogezwa mwaka mzima. Hivyo mwenyekiti, Bwana Kagwe, alibaki kitini akitoa pole kwa sauti nyororo, huku maji ya kisima yakinywesha nyanya zake na akina mama wakishinda foleni na mitungi mitupu.

Waliokufa wote walikuwa wakongwe, kwa hiyo nani angeuliza? Safari hii Ndinda, aliyekuwa akigombea kiti hicho mwenyewe, aliapa hatapoteza mtu. Alimnunulia Munyao dawa ya kifua. Alimpandisha Nyanya Ndila bodaboda akapimwe presha Thika. Wengine aliwapelekea uji.

Njiani akirudi alikutana na Bwana Kagwe.

"Nasikia wazee wote wako salama," mwenyekiti alisema.

"Wote. Kesho tunapiga kura."

"Umefanya kazi, katibu. Sasa nenda upumzike." Akampa mkono, na hakuuachilia upesi.

Saa kumi Ndinda alifika kwake, vumbi mpaka kwenye kope, lakini akiwa na raha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka minne. Alikuta pikapu imesimama langoni. Vijana wawili walikuwa wakishusha viti vya plastiki na hema.

"Nyinyi mmepotea," akawaambia. "Mkutano ni kesho, kule shule ya msingi."

Dereva akatazama simu yake. "Si ya mkutano hii, mathe. Ni hema ya matanga. Mwenyekiti aliiagiza tangu jana, akasema tuilete hapa kwa katibu."

Kisha akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Pole sana. Huyo katibu alikuwa nani wako?"